Ufa, Kiambaza na Bati: Historia ya Nyumba Iliyovujiwa katika Nyanda za Juu za Kigoma



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo dogo kwa sura lakini kubwa kwa matokeo: maji yanayoingia katika nyumba ya mtu na kuachwa yaendelee na kazi yake. Eneo tutakalolitazama ni nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan Kasulu na Kibondo, nchi ambayo wenyeji wake wa asili, Waha, waliiita Buha. Ni nchi ya vilima na mabonde iliyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Tanganyika, chini yake upande wa magharibi, uko kwenye mita 770 hivi. Mvua yake ni ya msimu mmoja mrefu: huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo hufuata kiangazi kikavu hadi Septemba. Kwa hiyo nyumba ya huko hunyeshewa kwa muda wa nusu mwaka na zaidi, kisha hukaushwa na jua kwa miezi minne mfululizo.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeifundisha darasani, tumeiandikia insha na tumeisikia ikisemwa na viongozi majukwaani. Mara nyingi huishia kuwa lawama kwa mwenye nyumba, kwamba aliona akanyamaza, basi na avune alichopanda. Nakusudia kuonyesha kwamba historia ya Kasulu na Kibondo inatudai tuisome methali hiyo kwa uangalifu zaidi. Kuuona ufa ni jambo moja. Kuwa na muda, nyenzo na haki ya kuuziba ni jambo jingine. Katika karne nzima ya ishirini, na hata baada yake, watu wa nyanda hizi hawakupungukiwa macho. Walipungukiwa na hayo mengine matatu.

2.0 Methali na ukuta wake

Tuanze na lugha yenyewe. Methali yetu inataja ukuta, haitaji kiambaza. Kwa Waswahili wa pwani maneno haya mawili yalitofautiana. Kiambaza ni upande wa nyumba uliojengwa kwa miti na fito kisha ukakandikwa kwa udongo. Ukuta, kwa maana yake ya awali, ni wa mawe na chokaa. Kiambaza kikipata ufa hukandikwa upya kwa udongo uleule uliopo uani, na kazi hiyo ni ya kawaida ya kila mwaka. Ukuta ukipata ufa huhitaji fundi, chokaa iliyochomwa, na mtu anayejua kutomea, yaani kujaza mianya kwa vijiwe vidogo na kuisawazisha. Gharama ya kujenga ukuta upya ni kubwa mno, na ndiyo maana methali ina uzito. Imezaliwa katika mji wa mawe, kinywani mwa watu waliojua bei ya chokaa.

Hata hukohuko pwani, kuujua ufa hakukutosha kuuziba. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, lilikwisha kupoteza sehemu yake moja mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na hali yake mbaya ilikuwa ikijulikana na kuandikwa kwa miaka mingi. Kama nyumba iliyotazamwa na dunia nzima iliweza kufikwa na hayo, hatuna budi kuwa waangalifu tunapomhukumu mkulima wa Muhambwe au Heru.

Jambo la pili la kilugha ni vitenzi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza jinsi nyumba inavyoharibiwa na maji: kuvuja, kuchuruzika, kulowa, kutota, kumomonyoka, kubomoka, kuporomoka. Vitenzi vitatu vya mwisho vina kiishio -ka, ambacho hueleza hali bila kumtaja mtenda. Tukisema "nyumba imebomoka", sarufi haituulizi nani kabomoa. Methali, kwa upande wake, inamtaja mtu mmoja tu, naye ni "wewe" uliye katika usipoziba. Kati ya kitenzi kisicho na mtenda na methali yenye mtenda mmoja tu, wahusika wengine wote wa historia wanapotea. Kazi ya mwanahistoria ni kuwarudisha. Lugha yenyewe inatupa njia, kwa sababu Waswahili husema pia "nimevujiwa". Kauli hii humtaja yule aliyelala chini ya paa, akalowa, na ambaye pengine si yeye aliyelitoboa.

3.0 Msonge na kalenda ya mvua

Nyumba ya zamani ya Buha, kama ile ya Burundi na Rwanda, ilikuwa msonge: fito zilizokunjwa na kufungwa pamoja, kisha zikafunikwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Katika nyumba ya namna hii paa na ukuta ni kitu kimoja. Maji ya mvua huteleza juu ya nyasi tangu juu hadi chini, na hakuna kiambaza cha udongo kinachongoja kurushiwa matope. Ndani, moto wa kupikia huwaka kila siku. Moshi wake hupanda, huzikausha nyasi kwa ndani na kuwafukuza wadudu wanaokula miti.

Msonge haukuwa nyumba isiyoharibika. Nyasi huoza. Zikiachwa bila kubadilishwa hulainika, maji hupenya hadi kwenye fito, fito huoza kwenye vifungo, na sehemu moja ya nyumba huanza kubonyea. Maji yaliyobaki kwenye bonde hilo huongeza uzito, na msimu unaofuata nyumba huinama. Dawa yake ilikuwa kuezeka upya sehemu iliyochoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, nyasi zikiwa zimekomaa na watu wakiwa na nafasi. Nyenzo zilipatikana bila fedha: nyasi, miti na kamba za magome. Kilichohitajika kilikuwa kimoja tu, nacho ni nguvu za watu katika miezi minne maalumu ya mwaka. Msonge, kwa hiyo, ulikuwa nyumba nafuu kwa mali na ghali kwa muda. Yeyote atakayeichukua miezi ile minne huwa ameichukua nyumba.

4.0 Manamba: kiangazi kisicho na wenyeji

Muda huo ulichukuliwa. Wakati wa utawala wa Wajerumani, na zaidi wakati wa Waingereza, Buha ilifanywa kuwa moja ya hazina za vibarua wa Tanganyika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na njia ya kuwapeleka watu mashariki ikafunguka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na nyanda za juu hazikuwa na zao la biashara la kutosha kuilipa. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, na uandikishaji ukawa wa mpango zaidi. Waliokwenda waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba.

Historia ya manamba imeandikwa mara nyingi kwa kutazama mashamba: kipande, kambi, mshahara. Tuitazame pia kwa kutazama mapaa waliyoyaacha nyuma. Mtu aliyekwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja au zaidi alikosa angalau kiangazi kimoja nyumbani. Aliyerudi na kuondoka tena alikosa viwili au vitatu. Nyumba yenye wanaume wawili ilibaki na mmoja. Yenye mmoja ilibaki na mwanamke, wazee na watoto, juu ya kazi zote za shamba walizokuwa nazo. Ushirikiano wa jirani kwa jirani ulipunguka kwa sababu majirani nao walikuwa Korogwe.

Athari ya paa lisiloezekwa haionekani mwaka wa kwanza. Maji huanza kwa tone, na tone na tone huwa mchirizi. Mchirizi ukifika kwenye akiba ya nafaka, mahindi au ulezi huota kuvu na mbegu ya mwaka ujao huharibika. Ukifika mahali pa kulala, watu husogea upande mmoja wa nyumba na kuishi humo wote. Hivyo hasara ya paa huhamia tumboni na kifuani mwa waliomo. Mshahara uliotoka kwenye mkonge ulipofika, ulikuta deni lililokwisha kulipwa na wengine.

Kwa upande mwingine, katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu mbalimbali za magharibi mwa Tanganyika, Buha ikiwemo, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Nia ilikuwa ya kiafya, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Hata hivyo nyumba zilizoachwa zilirudi msituni, na nyumba mpya zilijengwa na watu ambao hawakuuchagua mteremko, udongo wala upande wa upepo.

5.0 Kijiji, tofali na bati

Nyumba ya pembe nne ilipanda kutoka ziwani. Ujiji ilikuwa na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu tangu nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, na namna yao ya kujenga ilifuata njia za misafara, kisha za misheni, shule na ofisi za serikali. Taratibu msonge uliachia nafasi nyumba yenye kiambaza cha miti na udongo, na baadaye nyumba ya matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Hapo ndipo ufa ulipopata mahali pa kukaa.

Mwaka 1972, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuhamia vijijini, kabla ya agizo la Novemba 1973 lililowataka wananchi wote wa vijijini waishi katika vijiji vya pamoja. Shabaha zake zilielezwa wazi: shule, zahanati na maji ya bomba yasingeweza kumfikia kila mtu kilimani kwake. Vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo vya leo vilipata mistari yake wakati huo. Lakini kwa historia ya nyumba, swali muhimu ni la tarehe. Anayehamishwa katikati ya kiangazi ana wiki chache tu za kujenga kabla ya mvua. Mti uliokatwa mbichi na kusimikwa mara moja hunywea na kuuacha udongo. Tofali lisilokauka vizuri hubeba maji ndani yake. Ufa wa nyumba kama hiyo haukutokana na uzembe wa mwenye nyumba. Ulitiwa ndani ya nyumba siku ilipojengwa.

Kisha likaja bati. Kwa mwenye nyumba bati ni heshima na ni nafuu: halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, halishiki moto kwa urahisi, na maji yake ni safi ya kukinga. Lakini bati lina tabia moja ambayo nyasi hazina. Nyasi nene hupokea mvua na kuiachia polepole. Bati huitupa yote papo hapo, kwa mstari mmoja, chini ya upenu. Pasipo na mfereji wa kukinga, na upenu ukiwa mfupi kwa kuwa bati hununuliwa kwa hesabu, maji huchimba shimo refu kando ya msingi na kurusha matope ukutani. Kwa maneno mengine, bati liliyahamisha madhara kutoka juu kwenda chini. Zamani mtu alijua nyumba yake inaharibika kwa sababu alivujiwa usiku. Sasa aliweza kulala pakavu huku nyumba ikiliwa miguuni.

Utaratibu wa kuliwa huko ni huu. Tofali bichi likiwa kavu hubeba mzigo vizuri, likilowa hulainika. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Safu za chini hubaki na unyevu kwa miezi yote ya masika, na matone yanayoruka huzimomonyoa kwa nje. Kiangazi kikija, sehemu iliyolowa husinyaa na kupasuka. Masika ya pili maji hayaanzi tena juu juu. Huingia moja kwa moja katika nyufa. Ukuta huwa mwembamba chini na mzito juu. Kwa kawaida huanguka usiku wa mvua kubwa, na wenyewe husema nyumba imeangushwa na mvua ya jana. Ukweli ni kwamba mvua ya jana ilimalizia tu kazi ya miaka mitano. Tofali la kuchoma huchelewesha mambo, lakini likiungwa kwa matope badala ya saruji, maji huyaacha matofali na kuondoka na kile kinachoyashika.

Ufa ulioachwa hukaribisha pia wapangaji. Papasi, kupe laini wa nyumba za udongo, hujificha mchana katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, na usiku hutoka kuuma. Livingstone aliyataja madhara ya kuumwa naye katika kitabu chake cha 1857, na mwaka 1905 Robert Koch aliwachunguza papasi katika vibanda vya misafara vya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki na kuthibitisha kwamba hueneza homa ya vipindi, ambayo wengi huiita homa ya papasi. Papasi hapendi unyevu. Maji hufungua ufa wakati wa masika, naye huhamia humo wakati wa kiangazi. Kwa upande wa unyevu wenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 ukieleza uhusiano wa unyevu na kuvu ndani ya nyumba na maradhi ya njia ya hewa, pumu ikiwa mojawapo. Na shimo lililochimbwa ili kupata udongo wa matofali, lisipofukiwa, hujaa maji na kuzaa mbu hatua chache kutoka kitandani.

Taifa halikuwa kimya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wananchi kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya Kiswahili, nao wakafyeka majani, wakafukia madimbwi na kuchimba vyoo. Huo ni ushahidi kwamba watu walipopewa maarifa kwa lugha yao na muda wa kuyatumia, waliyatumia.

6.0 Turubai: nyumba isiyo na kesho

Sura ya mwisho ya historia hii ni ya wageni. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na vita vilivyofuata, Kasulu na Kibondo zilipokea wakimbizi kwa wingi. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Mtendeli, Nduta na Kanembwa yakawa majina ya makambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, kisha msukosuko wa Burundi wa mwaka 2015 ukaleta wimbi jipya. Nyarugusu ilifurika watu, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena, na mvua za El Niño za msimu huohuo zikawakuta wengi katika mahema.

Kambi kwa asili yake ni makazi ya muda. Nyumba yake ni kuta za matofali mabichi chini ya turubai la plastiki ambalo halikukusudiwa kukaa miaka mingi. Jua hulikausha hadi likapasuka, upepo hulichana, na mkimbizi hungoja jingine kutoka kwa mgawaji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka aishi katika eneo lililotengwa, hivyo kwenda mbali kutafuta nyasi au miti kulimweka matatani na sheria, na mara nyingine na wenyeji waliokuwa wakiigombea miti hiyohiyo. Huyu anauona ufa kila asubuhi. Lakini mtu anayeambiwa mwaka hadi mwaka kwamba karibu atarudi kwao anazibaje ufa wa nyumba ambayo hairuhusiwi kuwa yake? Wapo watoto waliozaliwa na kukua chini ya mapaa ya muda. Kwao masika si majira ya kupanda tu. Ni majira ya kuhamisha mikeka kutoka pembe moja kwenda nyingine.

7.0 Hitimisho

Tumeiona nyumba ya nyanda za juu za Kigoma katika hali nne: msonge ulionyang'anywa kiangazi chake, kiambaza na tofali vilivyojengwa kwa haraka, bati lililohamisha maji kutoka kichwani kwenda miguuni, na turubai lisilo na mwenyewe. Katika kila hali maji yalifuata kanuni zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia. Simaanishi kwamba methali yetu ni ya uongo. Ufa usiozibwa huangusha ukuta, na mwenye nafasi ya kuuziba akauacha anastahili kulaumiwa. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuitamka tuulize nafasi hiyo ilikuwa mikononi mwa nani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ninaacha kazi mbili. Ya kwanza ni ya msamiati. Maneno kama kiambaza, kombamoyo, upenu, kutomea, kusiriba na kuezua yanaelekea kubaki kwenye kamusi tu, na Kiha nacho kina maneno yake ya ujenzi yanayostahili kukusanywa na kulinganishwa na haya kabla mafundi wanaoyajua hawajaondoka. Jina la sehemu ya nyumba likipotea, agizo la kuikarabati huwa gumu kutolewa: fundi hawezi kuambiwa arefushe upenu na mtu asiyelijua neno upenu. Ya pili ni ya uandishi. Maelezo ya nyumba bora yanayowafikia wananchi yaandikwe kwa maneno hayo, na yaanze na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa jembe na mikono yake: kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji ya upenu, kuinua msingi kwa mawe, kusiriba safu za chini kila mwisho wa masika, kufukia shimo la matofali. Na pale ambapo mikono haitoshi, yaseme wazi ni jukumu la nani.